Wapanda Mlima Wasiovaa Nguo

Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, jambo ambalo wengi wenu mlituomba. Mtuwie radhi. Kwenye kikao chetu cha Alhamisi limezuka jambo jingine, na tumeona hatuwezi kuandika habari za mahindi kabla hatujalisema hili.

Binti wa mwenzetu mmoja, anayesoma chuo Mwanza, alikuwa nyumbani kwa likizo. Tulikuwa tumeketi kwenye mkeka tukichambua mchele wa sherehe ya ubatizo. Akatoa simu yake, akatuonyesha picha. Ni njia ya mlimani huko Ulaya, majani mabichi pande zote, na theluji inaonekana kwa mbali. Njiani wanatembea watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, watu wazima wenye mvi. Miguuni wamevaa viatu vya kupandia mlima na soksi. Mgongoni wana mabegi. Kichwani wana kofia. Kati ya kofia na soksi hawana kitu.

Mmoja wetu alicheka mpaka akamwaga ungo. Mwingine alichukua upande wa khanga yake akaifunika simu, kana kwamba ni wale watu wanaoona baridi. Bibi mmoja, ambaye macho yake sasa ni mazito, aliuliza kuna nini, na alipoelezwa akauliza neno moja tu: "Wamenyang'anywa?" Maana kwa bibi, mtu mzima anayetembea uchi mlimani ama ameporwa, ama amerukwa na akili, ama ni mchawi aliyekutwa na mapambazuko. Hajui aina ya nne.

Binti akamweleza kwamba wamevua wenyewe kwa hiari, na nguo zao zimo ndani ya mabegi. Kisha akatugeukia: "Sasa mama zangu, kosa lao hasa ni nini?"

Tulimjibu haraka haraka, kila mmoja na lake: ni dhambi, ni aibu, ni uzungu, ni siku za mwisho. Binti akanyamaza kwa adabu, lakini tulimwona hakuridhika. Nasi tulipoachana jioni ile tulijua kwamba tumemnyamazisha tu, hatukumfundisha kitu. Kwa hiyo tumelifuatilia jambo hili, tukasoma, tukaulizana, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Desturi ya kutembea uchi milimani ina watu wake. Kule Ujerumani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1800, walitokea watu wa mijini waliochoshwa na moshi wa viwanda na nguo za kubana, wakaanza kusema kwamba jua na upepo juu ya ngozi ni dawa. Walianzisha vyama, wakatenga fukwe na viwanja vyao. Wengi wao si wahuni. Ni walimu, makarani, wastaafu, watu na wake zao. Wanasema ukitembea bila nguo hakuna anayejua nani tajiri nani maskini, na kwamba jasho linakauka lenyewe. Hilo la jasho hatuna la kulipinga.

Sasa kuna sehemu mbili za milimani katika nchi ya Uswisi, ndogo sana, zinazoitwa Appenzell Innerrhoden na Appenzell Ausserrhoden. Ni nchi ya wafugaji wa ng'ombe na watengeneza jibini, watu wa kanisani na wa desturi. Kufikia mwaka 2008 ilijulikana kuwa wapo watu wanaokuja huko kutembea uchi, baadhi yao wakitoka nchi jirani ya Ujerumani. Wenyeji walichukizwa. Jumapili ya tarehe 26 Aprili 2009 watu wa Innerrhoden walikutana uwanjani kijijini, kama wanavyofanya kila mwaka mwezi huo, kwa maana kule sheria za jimbo hupitishwa na wananchi wenyewe kwa kunyosha mikono. Mikono ikanyoshwa. Tangu siku hiyo anayekutwa anatembea uchi katika milima yao hutozwa faini ya faranga 200.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana kuna jambo lililotushangaza kuliko uchi wenyewe. Katika uwanja huo huo wanawake hawakuruhusiwa kunyosha mkono mpaka mwaka 1991. Wanaume wao walikuwa wamekataa hapo awali, wakakataa tena mwaka 1990, mpaka mahakama kuu ya nchi yao ikawaamuru mwezi Novemba mwaka huo. Mama zetu huku walipiga kura katika uchaguzi wa 1965, miaka 26 kabla ya wanawake wa Innerrhoden kunyosha mkono pale uwanjani. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kuamua nani atembee vipi katika njia za mlimani, akina mama wa pale walikuwa wamepata sauti kwa miaka 18 tu.

Katika ile Appenzell ya pili, Ausserrhoden, mwezi Oktoba 2009 mwanaume mmoja alitembea uchi akapita karibu na mahali ambapo familia yenye watoto wadogo ilikuwa ikichoma nyama, kisha akapita karibu na nyumba ya Kikristo ya kuwasaidia watu walioathirika na dawa za kulevya. Mwanamke mmoja aliyemwona akamshitaki. Alitozwa faranga 100, akakata rufaa mpaka juu kabisa, na mwezi Novemba 2011 mahakama kuu ya Uswisi ikasema faini ni halali.

Wako waliolipa zaidi ya faranga 100. Mwingereza mmoja aliyekuwa askari, Stephen Gough, alitembea mwaka 2003 hadi 2004 kutoka ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza hadi ncha ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, miezi saba, akiwa na viatu na mkoba tu. Miaka iliyofuata alifungwa mara kwa mara, kwa sababu kila alipofunguliwa mlango wa gereza alitoka bila nguo, akakamatwa pale pale. Kesi yake ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo ikamkatalia mwezi Oktoba 2014. Tulimsomea bibi habari hizi. Akasema mtu huyo angekuwa mwanamke asingefika hata kijiji cha pili. Tuliacha kuchambua mchele kidogo.

Kuna kisa kingine cha huko Malaysia, katika mlima Kinabalu. Tarehe 30 Mei 2015 watalii wapatao kumi walivua nguo kileleni, wakapiga picha. Wenyeji wa pale, Wakadazan-Dusun, wanaamini kwamba roho za wafu wao hupumzika katika mlima ule. Tarehe 5 Juni ikaja tetemeko la ardhi, wakafa watu 18 mlimani, wakiwemo watoto wa shule kutoka Singapore na wenyeji wanaoongoza wageni. Hasira ilikuwa kubwa. Watalii wanne walikamatwa, wakafungwa siku tatu na kutozwa faini ya ringiti 5,000 kila mmoja.

Sisi tunaomjua Kristo hatuwezi kusema kwamba uchi wa watu kumi ulitikisa ardhi. Katika Injili ya Luka Bwana wetu aliulizia habari za watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Nao walikuwa kumi na wanane vilevile. Lakini ukiwaza watu wa pale, wanawafukia waongozaji wao waliokufa wakiwaokoa wageni, kisha mtu anawaonyesha ile picha ya kileleni, utaelewa kwa nini walilia kwa hasira.

Na sisi tuna mlima wetu. Chamuriho ndio mkubwa katika nchi ya Ikizu, na wazee husimulia kwamba jina hilo limetoka kwa Muriho, aliyetangulia kuja hapa. Husimulia pia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na elimu ya mvua, na watemi wa Ikizu huhesabiwa kuanzia kwake. Mtoto wa Ikizu hukua akijua kwamba katika vilima hivi kuna mahali ambapo mtu hapigi kelele, hakati mti, wala hatupi maneno ovyo. Sisi tuliobatizwa hatupeleki sadaka huko. Lakini hatujawahi kusikia mama Mkristo wa Nyamuswa akienda mahali pale kufanya mzaha, na hatudhani imani yetu inatudai tufanye hivyo.

Basi turudi kwa swali la binti. Mmoja wetu alisema: jibu ni rahisi, Mungu aliwavika Adamu na Hawa mavazi ya ngozi, basi yatosha. Bibi akacheka. Akasema, "Mavazi ya ngozi ndiyo niliyomwona nayo bibi yangu."

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo ni gumu. Bibi zetu wa zamani walipanda vilima hivi wakiwa wamevaa ngozi ya mbuzi kiunoni, iliyolainishwa kwa samli, kifua wazi, shanga na bangili. Ukimwambia mwanamke wa wakati ule kwamba yu uchi angekupiga kibao. Uchi kwake ulikuwa ni kuvuliwa ile ngozi. Kisha wakaja wafanyabiashara na kaniki, zikaja shule, zikaja misheni (Wamenoniti walifika Shirati mwaka 1934), na polepole kile kilichokuwa vazi la heshima kikaanza kuitwa uchi na watu waliotoka mbali. Mama zetu walijifunza kumwonea aibu bibi yao. Hatusemi khanga ni mbaya, nani anaweza kuishi bila khanga? Tunasema tu tuwe waangalifu tunapocheka watu kwa mavazi, maana na sisi tumechekwa.

Tena huko nyuma nchi yetu iliwahi kushughulikia mavazi kwa nguvu. Mwaka 1967 na 1968 Wamasai waliamriwa waache rubega na ngozi wavae nguo za kisasa. Wakati ule ule, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa umaskani aliambiwa amevaa kidogo mno kwa kuwa ni wa kale, na msichana wa mjini akaambiwa amevaa kidogo mno kwa kuwa ni wa kisasa. Na kabla hata amri haijaanza kutumika Januari 1969, makundi ya vijana yalikuwa yakiwavamia wanawake huko Kariakoo na kuwachania nguo. Walisema wanazuia uchi, na mikononi mwao wameshika sketi ya mtu. Nairobi jambo hilo lilionekana tena mwezi Novemba 2014, mwanamke alipovuliwa nguo kituo cha basi na kundi la wanaume, na akina mama kwa mamia wakaandamana mjini.

Tuliposoma hayo tulimkumbusha bibi kwamba aina yake ya nne ipo. Mwaka 1992 akina mama wazee wa Kenya, ambao watoto wao walifungwa kwa ajili ya siasa, walikaa katika bustani ya Uhuru Park wakifunga chakula, na Wangari Maathai pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wale walivua nguo mbele ya vijana wale wenye virungu. Kila mtu wa Afrika Mashariki anajua maana yake: mzazi akikuonyesha uchi wake amekulaani. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Kianglikana likawapokea, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na kufikia mwanzoni mwa 1993 watoto wao karibu wote walikuwa wamefunguliwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hao hawakuwa wakitembea, walikuwa wamefika mwisho wa njia. Na katika Maandiko, akaongeza mwenzetu mwingine, Nabii Isaya naye alitembea uchi na bila viatu miaka mitatu, lakini ilikuwa ni ishara ya mateka, ya watu watakaoburutwa. Haikuwa ya kujifurahisha.

Kwa hiyo tukajaribu kumjibu binti upya. Tulimwambia hivi: wale watu wa kwenye picha wanaona mlima kuwa mahali pasipo na watu, mahali pa kupumzika. Kwetu mlima haujawahi kuwa hivyo. Juu ya kilima hiki hapa yupo mama anayekata kuni, yupo mwenye ngata kichwani anateremka, wapo watoto na mbuzi, yupo mzee anayetafuta mizizi ya dawa, yupo anayekata nyasi za kuezekea. Njia ni nyembamba ya futi moja. Mwanaume wa hapa akimwona mama mkwe wake anateremka huacha njia, akasimama pembeni ametazama porini mpaka mama apite, na wote wawili wamevaa kutoka shingoni mpaka miguuni! Sasa mfikirie huyo mwenye kofia na soksi anakutana na mama mkwe. Ataelekeza uso wapi, na kofia ataivua aiweke wapi? Tulicheka sana hapa. Tukasema pia kwamba Appenzell hakuna upupu. Mtu akipita uchi katika vilima vyetu wakati upupu umekauka, hapo hapahitajiki mahakama.

Hata kule Uswisi, tukamwambia, mlima haukuwa mtupu. Ilikuwepo familia inachoma nyama na watoto wake. Uhuru wa yule bwana ulifika mpaka kwenye macho ya watoto wale, na wao hawakuulizwa.

Tuliona tumejibu vizuri. Binti akasema, "Nimeelewa, mama. Lakini sikuuliza kwa sababu nataka kutembea uchi. Nimeuliza kwa sababu wale wazee wanaweza kupita mlimani vile na hawaogopi kitu, na sisi hatuwezi hata kuoga kijitoni."

Akina mama, hapo mchele uliwekwa chini.

Wengi wenu mnaokaa vijijini mnajua anachosema. Tulipokuwa wasichana sisi, jioni tulikuwa tukiteremka kijitoni kundi zima, wakubwa kwa wadogo. Tulivua, tukaoga, tukasuguana migongo kwa dodoki. Wanaume walikuwa na upande wao wa chini, na mwanaume akitaka kupita alikohoa kwa mbali au aliimba, akangoja ajibiwe. Hakuna mama aliyetukalisha akatufundisha habari za mwili. Lakini pale majini tuliona matiti ya dada zetu yakiota, tuliona tumbo la mama aliyezaa watoto saba likiwa na mistari kama shamba lililolimwa, tulimwona anayetumia kitambaa cha mwezi akikifua bila kujificha. Tukajua kinachokuja. Hatukuogopa miili yetu.

Leo nyumba nyingi zina bafu la mabati nyuma ya nyumba, nalo ni jambo jema. Lakini kiangazi kilichopita bomba la kitongoji lilikauka majuma mengi, wasichana wakarudi kijitoni kama zamani, na kijana mmoja akakamatwa juu ya jiwe, amejificha, anawapiga picha kwa simu. Alikuwa ameshawapelekea wenzake. Wasichana wawili waliacha kwenda kuteka maji kabisa, mmoja akakataa kwenda shule juma zima. Tangu hapo hakuna msichana anayeoga kijitoni, hata ndugu zao wadogo wa kike tumewakataza.

Lazima tuseme na lililobaki, maana safu hii tumeizoea kwa kusema kweli. Kijana yule ni mtoto wa mmoja wetu tunaoandika hapa. Tumemlea katika nyumba ya sala. Alikuwa akiimba kwaya ya watoto. Wazee walikaa, simu ikachukuliwa, picha zikafutwa mbele ya baba zake, akaomba msamaha nyumba kwa nyumba, lakini zile zilizokwisha kwenda kwa wenzake nani atazifuata? Na tulipokaa sisi kwa sisi baada ya hapo tulijiuliza ni lini tulimfundisha. Binti zetu tumewaambia tangu wana miaka minne: kaa vizuri, funika magoti, vuta gauni. Hatukumbuki hata siku moja tuliyomwambia yule kijana ageuze macho. Tulidhani atajua tu, kama baba zake walivyojua. Baba zake walifundishwa, ila si na sisi.

Jioni ile bibi ndiye aliyetukumbusha habari ya mwaka 1993. Baadhi yenu mnaosoma huko Butiama na Bunda mliisikia wakati ule.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Tulimwambia asipande, lakini kuni zilikuwa zimekwisha na mume alikuwa safarini. Tulipanda watano. Tulipokuwa tumeshafunga mizigo na kuanza kuteremka, akasimama, akashika mti, na maji yakamwagika miguuni. Tulijaribu kumtembeza. Baada ya hatua kama mia moja akasema hawezi, akalala pale njiani juu ya majani. Ilikuwa saa tisa mchana, na njia ile wakati huo ina watu.

Bibi, ambaye wakati ule macho yake yalikuwa mazima, alifungua khanga yake ya kiunoni bila kusema neno. Tukafungua nasi. Tuliwasha mikono kuzishika juu kama ukuta, wanne pande nne, na nyingine tukazitandika chini yake. Tulisimama pale mlimani na shimizi tu, wengine shimizi lenyewe limetoboka, mchana kweupe. Hatukuwaza hilo mpaka baadaye.

Wakatokea vijana watatu na ng'ombe, wanateremka kutoka juu. Hakuna njia nyingine pale, upande mmoja ni jabali na upande mwingine ni korongo. Tulipiga kelele wasimame. Walisimama, na walipotambua ni nini wote watatu waligeuka wakatupa mgongo, wakawazuia ng'ombe kwa miili yao. Mkubwa wao alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Bibi akamwambia anahitaji maji. Yule kijana alikuwa na kibuyu. Alikuja nacho akitembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, anapapasa njia kwa kisigino, akakiweka chini nyuma yake, akarudi alikotoka. Mnakumbuka wale wana wawili wa Nuhu na nguo ya baba yao? Sisi tuliwaona kwa macho yetu, wakiwa na fimbo za kuchungia.

Kisha bibi alimwagiza mdogo wao akimbie zahanati, na alipita pembeni yetu akiwa amefunika uso kwa mkono, akajikwaa mara mbili. Mtoto alitoka kabla mhudumu hajafika. Wa kiume. Kitovu kilikatwa kwa wembe mpya uliokuwa kwenye pindo la khanga ya mmoja wetu, aliununua asubuhi ile kwa ajili ya kucha za watoto. Mhudumu alipokuja alituambia tumebahatika, tusirudie.

Siku mbili baada ya kikao, yule mwenzetu, mama wa kijana mwenye simu, alimkalisha mwanawe jikoni akamsimulia habari hii yote, kama tulivyoisimulia hapa, pamoja na shimizi lililotoboka, kwa maana mojawapo lilikuwa lake. Anasema lilikuwa jambo gumu kuliko kumchapa. Kijana alisikiliza akichokoa makaa kwa kijiti. Hakusema chochote juu ya picha. Aliuliza tu kama mtoto yule aliishi.

Akamwambia, "Aliishi. Ndiye fundi pikipiki wa pale senta, aliyekutengenezea breki juzi."